Uvimbe wa figo kwa watoto: nini hurithiwa, nani achunguzwe

Mara nyingi anayeugundua si daktari. Ni mama anayemwogesha mtoto wa miaka mitatu akagusa kitu kigumu ubavuni, upande mmoja, na mtoto hata halalamiki. Jina linalokuja haraka ni bandama, maana malaria imetuzoesha matumbo ya watoto yaliyovimba. Mkojo ukitoka na damu, watu wa kandokando ya Ziwa Victoria husema ni kichocho. Na kweli, mara nyingi huwa ni hayo. Lakini upo pia uvimbe wa Wilms, uliopewa jina la Max Wilms, daktari wa upasuaji wa Ujerumani aliyeueleza kwa kirefu mwaka 1899. Huu hukua haraka, na hauondoki kwa dawa ya malaria wala ya kichocho.

Ndiyo saratani ya figo inayowapata watoto kuliko nyingine zote. Humpata takriban mtoto 1 kati ya 10,000, na wengi huugua kabla ya kutimiza miaka 5. Wazazi wakishaambiwa, swali huwa moja: je, ametoa kwetu?

Kwa wengi, hapana. Wagonjwa 1 hadi 2 tu kati ya 100 ndio wenye ndugu aliyewahi kuugua ugonjwa huohuo. Hata hivyo, watoto wanaozaliwa na hitilafu ya jeni inayowaweka karibu na saratani hii ni wengi kuliko hao. Makadirio ya siku nyingi yalikuwa mmoja kati ya kumi, na uchunguzi wa karibuni unaonyesha ni zaidi. Hesabu hizo mbili hazipingani, kwa sababu hitilafu nyingi huanza na mtoto mwenyewe, wakati yai na mbegu vinapotengenezwa au mimba ikiwa changa kabisa. Baba hanayo, mama hanayo. Hapo kutafuta ukoo wa kulaumu ni kupoteza muda, na kumtuhumu mama kwa alichokula akiwa mjamzito ni kumwonea.

Jeni inayofahamika zaidi katika ugonjwa huu ni WT1, iliyo kwenye kromosomu ya 11, ambayo ilitambuliwa mwaka 1990. Kazi yake ni kuongoza figo zinavyojengeka mtoto akiwa tumboni, ili seli changa zikomae na ziache kugawanyika ovyo. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba, na nakala moja nzima kwa kawaida hutosha kuzuia hatari. Mtoto aliyezaliwa na nakala moja mbovu katika mwili mzima amebakiwa na kinga moja tu. Seli moja ya figo ikipoteza nakala ya pili, uvimbe unaweza kuanza. Mtaalamu wa Marekani, Alfred Knudson, alilieleza jambo hili la mapigo mawili mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ndiyo maana watoto wa kundi hili huugua wakiwa wadogo zaidi, na wao ndio huugua figo zote mbili mara nyingi kuliko wengine.

Faida kubwa kwa mzazi ni kwamba baadhi ya hitilafu hizi huacha alama ambazo mkunga anaweza kuziona bila mashine. Mtoto anaweza kuzaliwa bila ile sehemu ya rangi inayozunguka mboni ya jicho. Jeni ya macho ni jirani ya WT1, na kipande kimoja kikikatika huondoka zote mbili. Karibu nusu ya watoto wa namna hii hupata uvimbe wa Wilms. Wavulana wengine huwa na korodani ambazo hazijashuka, au tundu la mkojo lililo chini ya uume badala ya nchani. Hali hizi mbili zikiwa peke yake ni za kawaida na zisimtishe mtu, ila zikiambatana na tatizo la macho au protini kwenye mkojo, daktari aelezwe. Kuna pia ugonjwa wa Beckwith-Wiedemann: ulimi mkubwa kupita kiasi, matumbo yanayotokeza kitovuni, au upande mmoja wa mwili kuuzidi mwingine. Katika hao wanaopata saratani ni wachache, lakini wanastahili kufuatiliwa.

Zipo jeni nyingine, kama REST na TRIM28, ambazo mtu anaweza kuwa na nakala mbovu ya mojawapo maisha yake yote asiugue, kisha akamrithisha mwanawe. Kila mtoto wake ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuipata nakala hiyo mbovu, na kuipata si sawa na kuugua.

Kipimo cha jeni ni ghali, na mara nyingi sampuli hulazimika kupelekwa nje ya nchi. Hilo lisikusimamishe. Mtoto mwenye alama nilizotaja, au ambaye ndugu yake wa tumbo moja ameugua, aombewe ultrasaundi ya figo kila baada ya miezi 3 mpaka afike miaka 7. Kipimo hiki hakiumi, hakina mionzi, na hospitali nyingi za wilaya zinacho. Mwaka mmoja kati ya kipimo na kipimo ni mrefu mno kwa uvimbe huu.

Ukigusa uvimbe, usiukande, usiubonyezebonyeze, na usikubali mtoto achanjwe tumboni. Uvimbe ukipasuka, seli husambaa na matibabu huwa mazito zaidi. Omba rufaa wiki hiyohiyo. Tanzania, watoto wenye saratani hutibiwa Muhimbili, Bugando na KCMC. Kenya, katika Hospitali ya Kenyatta na ile ya Moi, Eldoret. Matibabu ni upasuaji wa kuondoa figo yenye uvimbe pamoja na dawa za saratani, na mtoto huweza kuishi vizuri na figo moja. Katika nchi tajiri, watoto 9 kati ya 10 hupona. Kwetu ni wachache zaidi, na sababu kubwa ni kuchelewa kufika na kukatiza dawa uvimbe ukishanywea. Nauli na gharama zikiwashinda, mwoneni afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kumtoa mtoto wodini.