Somo la Kazi: Je, Umeajiriwa au Umejiajiri?



Ukiulizwa, "Unafanya kazi gani?" utajibu upesi. Utasema unalima, unashona nguo, unabeba magunia, au unapogoa zabibu. Lakini ukiulizwa, "Je, umeajiriwa au umejiajiri?" huenda ukasita kidogo. Wengi wetu hapa Dodoma na Singida hujibu hivi: "Mimi nabangaiza tu."

Jibu hilo halitoshi. Siku utakayoumia kazini, au utakayonyimwa ujira, au utakayoambiwa usirudi kesho, swali hilo ndilo litakaloulizwa kwanza. Aliyeajiriwa ana haki ambazo aliyejiajiri hana. Aliyejiajiri naye ana uhuru ambao aliyeajiriwa hana. Kwa hiyo ni vizuri ujue uko upande gani kabla shida haijafika.

MAANA YA MANENO

Aliyejiajiri ni mtu anayefanya kazi yake mwenyewe. Yeye hupanga saa zake, hutumia vyombo vyake, na hupatana bei na wateja wake. Faida ni yake. Hasara pia ni yake.

Aliyeajiriwa ni mtu anayemfanyia mwingine kazi kwa malipo, na huyo mwingine ndiye anayeiongoza kazi.

Sisi watu wa nchi kavu tunaweza kujiuliza swali moja rahisi: Mvua isiponyesha, hasara ni ya nani? Ukilima mtama wako ukakauka, hasara ni yako. Ukimpalilia mtu mtama wake kwa ujira, kisha mtama ukakauka, ujira wako uko palepale. Hasara ni ya mwenye shamba.

Jambo hili lilionekana Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha pale mpango mkubwa wa kulima karanga. Watu wengi waliajiriwa kufyeka pori, kung'oa visiki na kulima. Mvua zilikuwa chache na ardhi ilikuwa ngumu. Mwaka 1951 mpango ule uliachwa. Hasara ya karanga ilikuwa ya serikali ya Uingereza. Haikuwa ya mtu aliyeshika jembe kwa ujira.

MAZUNGUMZO YA MJOMBA NA MPWA

Sasa tusome mfano huu. Kijana amefika nyumbani kwa mjomba wake. Jicho lake moja ni jekundu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Jicho limefanya nini?"

"Dawa ya zabibu, mjomba. Bomba lilivuja wakati napuliza. Nikakaa nyumbani siku tatu. Niliporudi, tajiri akaniambia nafasi yangu ina mtu mwingine."

"Akakupa nini?"

"Hajanipa kitu. Hata ujira wa wiki mbili nadai. Akasema, 'Wewe sikukuajiri. Wewe unalipwa kwa mistari unayomaliza. Umejiajiri mwenyewe.' Nami naona kweli, maana hatukuandikiana."

"Ngoja kwanza. Saa ya kwenda shambani nani alikuwa anapanga?"

"Yeye. Saa moja asubuhi mpaka saa saba mchana, siku tano kwa wiki."

"Mkasi wa kupogolea na bomba la dawa, vya nani?"

"Vyake."

"Ulikuwa na shamba lingine unalofanyia kazi?"

"Ningepata wapi nafasi, mjomba? Chakula chote cha nyumbani kilitoka hapo."

"Umekaa naye muda gani?"

"Miezi minane."

"Basi usikubali upesi kwamba umejiajiri. Sheria ina maneno yake."

SHERIA INASEMAJE?

Mjomba amesema kweli. Tanzania ina Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004. Kifungu cha 61 kinataja dalili saba. Mtu anayemfanyia mwingine kazi akiwa na dalili hata moja tu, huhesabiwa kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vingine. Hata mkataba wenu uwe wa namna gani, dalili hizo ndizo zinazotazamwa.

Dalili zenyewe ni hizi:

1. Namna unavyofanya kazi inaongozwa na mtu mwingine.
2. Saa zako za kazi zinapangwa na mtu mwingine.
3. Kama unafanyia kazi shirika au kampuni, wewe ni sehemu ya shirika hilo.
4. Umemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi, katika miezi mitatu iliyopita.
5. Riziki yako inamtegemea yeye.
6. Yeye ndiye anayekupa vyombo vya kazi.
7. Unamfanyia kazi yeye peke yake.

Mrudie yule kijana. Hesabu dalili zake kwa vidole. Saa zilipangwa na tajiri. Vyombo ni vya tajiri. Alimfanyia kazi tajiri peke yake. Riziki yake ilitoka hapo. Tayari ni dalili nne, na sheria inataka moja tu. Kulipwa kwa mistari hakufuti dalili hizo.

Lakini angalia maneno haya: "mpaka ithibitishwe vingine." Maana yake ni kwamba tajiri ana nafasi ya kuleta ushahidi wake kuonyesha kwamba kijana hakuwa mwajiriwa. Mzigo wa kuthibitisha hilo uko kwake.

TUFANYE HESABU

Dalili ya nne inahitaji hesabu. Tuseme mama mmoja anapalilia shamba la mtu. Mwezi wa kwanza alifanya saa 60. Mwezi wa pili alifanya saa 30. Mwezi wa tatu alifanya saa 51.

Jumlisha: 60 + 30 + 51 = 141.
Gawanya kwa miezi 3: 141 ÷ 3 = 47.

Wastani ni saa 47 kwa mwezi. Umepita 45. Mama huyu ana dalili ya nne, ingawa mwezi wa pili alifanya saa 30 tu.

Sasa mfanyie hesabu yule kijana. Saa 6 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ni saa 30 kwa wiki. Kwa wiki nne ni saa 120. Kwa hiyo ana dalili ya tano pia.

TUANGALIE KAZI NYINGINE

Fundi cherehani. Ana cherehani yake. Wateja ni wengi, na bei anapatana nao mwenyewe. Akitaka kufunga mapema, anafunga. Huyu amejiajiri.

Mbeba magunia wa soko la mahindi Kibaigwa. Kama anabebea kila mfanyabiashara anayemwita na kupatana naye bei, amejiajiri. Lakini kama mwenye ghala mmoja anamwita kila siku, anampangia saa na kumsimamia, dalili za kuajiriwa zipo.

Fundi mwashi na msaidizi wake. Siku hizi vijana wengi wanakwenda Dodoma mjini kujenga. Fundi anapatana na mwenye nyumba bei ya kazi nzima, anakuja na vifaa vyake na kuipanga kazi mwenyewe. Fundi huyo amejiajiri. Lakini kijana anayemchanganyia zege na kupokea ujira kila jioni, yeye amefanya kazi ya fundi. Hapo mwajiri ni fundi, siyo mwenye nyumba.

Dereva wa bodaboda. Huyu ni mgumu kidogo. Kama pikipiki ni yake, amejiajiri. Kama pikipiki ni ya tajiri, uliza zaidi. Dereva anayepeleka hesabu ya siku tu, na anachagua mwenyewe saa na abiria, anafanana na mtu aliyekodi chombo. Dereva anayepangiwa saa na mahali pa kukaa, akakabidhi fedha zote na kupewa mshahara, anafanana na mwajiriwa. Jina mlilolipa mapatano yenu halitoshi. Kinachotazamwa ni namna kazi inavyokwenda.

HAKI ZA ALIYEAJIRIWA

Haki nyingi zimo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Hapa tutaje chache.

Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida. Ujira usiwe chini ya kima kilichotangazwa na Serikali. Mwajiri na mwajiriwa wake wanachangia mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Anayeumia kazini anatazamwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mfuko huo unachangiwa na mwajiri peke yake, kwa hiyo mfanyakazi asikatwe kitu kwa ajili hiyo. Aliyekaa kazini miezi sita au zaidi halindwi kwa maneno tu: haachishwi bila sababu ya haki na utaratibu wa haki.

Na aliyejiajiri je? Yeye hana wa kumdai likizo wala malipo ya saa za ziada. Ni lazima aweke akiba yake ya siku za ugonjwa na siku za uzee. NSSF inapokea pia michango ya watu waliojiajiri, kwa hiyo mlango haukufungwa.

SIKU ZINAHESABIWA

Haki ina muda wake. Mgogoro wa kuachishwa kazi upelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Migogoro mingine, kama ya ujira usiolipwa, ipelekwe ndani ya siku 60. Ukichelewa, itakubidi kwanza uombe kusamehewa kuchelewa, na utoe sababu nzuri.

Yule kijana aliachishwa siku 12 zilizopita. 30 - 12 = 18. Amebakiwa na siku 18. Asizimalize kwa kunung'unika kilabuni. Aende hospitali atibiwe jicho na aombe cheti. Aende kwa Afisa Kazi aeleze habari za kuumia. Kisha aende kwenye Tume.

NA WEWE JE, NI MWAJIRI?

Tusiangalie upande mmoja tu. Msimu wa palizi, wewe mkulima mdogo nawe unaita watu waje kukulimia. Kusaidiana kwa zamu, leo kwangu kesho kwako, si ajira. Lakini ukimwita mtu kila siku, ukampa jembe na kumpangia saa, umekuwa mwajiri. Mlipe kwa wakati. Usimpe mtoto bomba la dawa. Sheria inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14.

KIBARUA NI KARATASI

Neno "kibarua" limetoka kwenye neno "barua". Zamani mtu wa kazi za kutwa alipewa kijikaratasi. Jioni alikirudisha, akapewa ujira wake. Karatasi ile ndiyo iliyokuwa shahidi wake. Leo vibarua wengi hawana karatasi yoyote. Jina limebaki, shahidi amepotea.

Sheria inamtaka mwajiri akuandikie masharti ya kazi yako: ni kazi gani, imeanza lini, saa ngapi, na ujira kiasi gani. Ukifika mgogoro, na yeye akashindwa kuonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti ni wake, siyo wako.

Hata hivyo, usingoje maandishi yake. Wewe unajua kusoma na kuandika. Nunua daftari dogo. Kila jioni andika mambo manne: tarehe, saa ulizofanya, kazi uliyofanya, na fedha uliyopokea. Mstari mmoja kwa siku unatosha. Kama mnalipana kwa simu, usifute ujumbe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na jasho ni mali.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja dalili tatu za mtu aliyeajiriwa.
2. Mzee mmoja alimfanyia jirani kazi saa 40 mwezi wa kwanza, saa 50 mwezi wa pili, na saa 36 mwezi wa tatu. Wastani wake ni saa ngapi? Je, amefika 45?
3. Kijana anachunga ng'ombe wa mtu mwaka mzima, na malipo yake ni ndama mmoja. Je, ameajiriwa au amejiajiri? Tumieni zile dalili saba.
4. Mtu ameachishwa kazi tarehe 3 Juni. Leo ni tarehe 20 Juni. Amebakiwa na siku ngapi za kwenda kwenye Tume?

Majibu ya hesabu: Swali la 2, wastani ni saa 42, hajafika 45, lakini tazameni dalili nyingine sita. Swali la 4, siku 13.