Istilahi "Namba Tasa" na Fasili Yake: Mfano wa 4,294,967,297

Makala haya yanachunguza istilahi namba tasa kwa kuipima na namba moja kubwa, 4,294,967,297, ambayo husomwa bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, elfu mia tisa sitini na saba, mia mbili tisini na saba. (Katika jina hilo refu, ni mbili na nne tu zenye asili ya Kibantu, milioni na bilioni zimetoka Ulaya, na yaliyobaki ni ya Kiarabu.)

Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 32, kujumlisha 1. Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat alieleza imani yake, bila uthibitisho, kwamba namba zote za mfululizo wa 3, 5, 17, 257, 65,537 na kuendelea ni tasa. Tano hizo ni tasa kweli. Ya sita ndiyo hii, na mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kuwa ni 641 × 6,700,417. Uthibitisho hauhitaji hesabu ndefu. 641 ni 5 × 128 + 1; kwa hiyo 640 ikipandishwa kwenye kipeo cha 4, yaani 625 mara 2 kwa kipeo cha 28, huacha baki 1 ikigawanywa kwa 641. Lakini 641 ni pia 625 + 16, hivyo 625 yaweza kubadilishwa kwa hasi 16. Matokeo ni kwamba hasi ya 2 kwa kipeo cha 32 nayo huacha baki 1. Ikiongezwa 1, 2 kwa kipeo cha 32 hugawanyika kwa 641 bila baki.

Katika lugha ya kawaida, tasa ni jike asiyezaa. Sitiari hii inatazama ugawanyaji: namba isiyotoa vigawo vingine. Ukitazamwa uzidishaji, sitiari inapinduka, kwani 641 na 6,700,417, zote mbili tasa, ndizo wazazi wa namba yetu. Kiingereza na Kifaransa huziita namba hizi "za kwanza", wakizingatia uzazi huo. Hata hivyo, hakuna haja ya kuiacha istilahi fupi iliyokwisha kuzoeleka madarasani.

Tatizo liko kwenye fasili. Mara nyingi husemwa kuwa namba tasa ni "namba inayogawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu". Fasili hiyo inaikubali 1, na sitiari ya utasa haimzuii msomaji kuikubali pia. Athari yake si ndogo. Kila namba kubwa kuliko 1 ina njia moja tu ya kuchanganuliwa katika vigawo tasa, bila kujali mpangilio. Kama 1 ingekuwa tasa, 4,294,967,297 ingekuwa 641 × 6,700,417, na pia 1 × 641 × 6,700,417, na 1 × 1 × 641 × 6,700,417, bila kikomo. Fasili inayofaa kuingizwa katika kamusi ni hii: namba tasa ni namba nzima chanya yenye vigawo viwili tu vilivyo tofauti.