Betri ya vepu si betri ya redio

SWALI: Daktari, mimi ni mtu wa Tanga, dereva wa nyumbani hapa Riyadh. Miezi miwili iliyopita niliachana na sigara nikahamia vepu. Niliinunua mkono wa pili pale Batha, ina betri mbili za kutoa na chaja yake. Ganda la betri moja limechanika juu, muuzaji akaniambia si kitu. Mchana naiacha kwenye gari nikimsubiri Madam, usiku naichaji tukilala, tuko sita chumbani. Mwezi ujao nawapeleka Madam na watoto Jeddah, kisha napanda ndege kuja likizo. Jamaa yangu wa Jeddah anasema yake iliwahi kuchemka mfukoni akaitupa chini. Kweli hivi vitu vinalipuka, au ni maneno ya mitandaoni tu?

JIBU: Vinalipuka. Mamlaka ya Zimamoto ya Marekani ilikusanya visa 195 vya sigara za kielektroniki kuwaka au kulipuka nchini humo kuanzia 2009 hadi 2016. Watu 133 waliumia, 38 kati yao vibaya. Visa 61 vilitokea kifaa kikiwa mfukoni, 60 mtu akiwa anavuta, 48 kikiwa kwenye chaji. Baadaye vilikuja na vifo: mwanamume mmoja Florida mwaka 2018, na kijana mmoja Texas mwaka 2019. Ukilinganisha na mamilioni ya wanaovuta, visa ni vichache, na sitaki ulale na hofu. Ila nimeisoma barua yako mara mbili, nikahesabu ndani yake njia nne za kuiwasha betri, zote katika siku moja ya kawaida ya kazi.

Tatizo nadhani ni malezi. Watu wa rika langu tulikua na betri za redio. Zikichoka tulizianika juu ya bati, tukazigonga sakafuni, wengine wakaziuma kwa meno, na taarifa ya habari ikasikika mpaka mwisho. Zilikaa droo moja na misumari na funguo, na hakuna lililotokea. Betri ile ina volti moja na nusu na ni mvivu. Hata ukiipiga shoti kwa waya inapata joto kidogo, halafu inakufa kimya kimya. Imetufundisha kwamba betri ni kitu cha kuzoeleka, na somo hilo tumelibeba mpaka Uarabuni.

Hiyo ya kwako ni ukoo mwingine. Ukiisoma ubavuni huenda imeandikwa 18650, ambacho ni kipimo tu: upana milimita 18, urefu milimita 65. Ikijaa inafika volti 4.2. Ndani yake kuna tepe ndefu nyembamba za metali zilizoviringishwa kama mkeka, zikitenganishwa na utando wa plastiki, na vyote vimelowa kimiminika kinachoshika moto. Imechaguliwa kwa vepu kwa sababu inaweza kumwaga umeme mwingi kwa mkupuo, na koili inataka mkupuo ili ichemshe maji ya vepu papo hapo. Ubora huo ndio hatari yake. Ikipigwa shoti, umeme wote unataka kutoka kwa pamoja, betri inachemka, na joto likifika nyuzi 130 hivi utando unayeyuka. Pande mbili zinakutana. Kuanzia hapo joto linazaa joto, na hata ukikiondoa kilichoanzisha shoti, moto hauna habari nawe. Gesi inajaa ndani ya kopo la chuma, ikikosa njia inalipasua. Ikiwa kopo limo ndani ya vepu yenye umbo la bomba, kitu kizima kinaweza kuruka kama fataki.

Sasa hilo ganda. Aliyekuambia si kitu alikudanganya, au na yeye alilelewa na redio. Kopo lote la betri hiyo, kutoka kitakoni hadi shingoni, ni upande wa hasi. Chanya ni kile kitufe cha juu peke yake. Pale shingoni pande hizo mbili zimekaribiana mno, na kinachozuia zisiguswe pamoja ni plastiki nyembamba na kipete kidogo cha karatasi. Kwako imechanika hapo hapo. Kipande chochote cha chuma ndani ya vepu kikigusa kote kuwili, shoti tayari. Yapo maganda mapya ya kuvishwa kwa joto, lakini kwa mgeni sishauri, kwa sababu ganda jipya huficha kopo lililobonyea au lenye kutu. Iache hiyo betri leo. Mwenzake naye aachwe pia, maana betri mbili zinazofanya kazi pamoja zinatakiwa kuwa pacha: zimenunuliwa siku moja, zinachajiwa pamoja, zinachoka pamoja. Ukichanganya mpya na ya zamani, ile dhaifu inalazimishwa kubeba isichoweza. Zikusanye, ziba ncha zote kwa utepe wa plastiki, uulize duka la simu au la vepu linalopokea betri mbovu. Usizitupe kwenye taka za jikoni, na usimgawie mwenzio eti bado zina chaji.

Jamaa yako wa Jeddah aliponea chupuchupu. Inayochemka mfukoni huwa ni mojawapo kati ya mambo mawili. Labda alibeba betri ya akiba tupu, ikakutana na funguo au sarafu za halala, na sarafu ni chuma, inapiga shoti vizuri. Au kitufe cha vepu kilibanwa na suruali alipoketi. Madaktari wanaotibu majeraha ya moto wameona mengi ya namna hii, na sehemu zinazoungua zaidi ni paja, mkono na sehemu za siri. Nguo ya nailoni huyeyukia ngozini, na kimiminika cha betri kinachoma kwa kemikali juu ya moto wenyewe. Kwa hiyo betri ya akiba ikae ndani ya kikasha chake cha plastiki, na vepu izimwe kabla haijaingia mfukoni. Nyingi huzimwa kwa kubonyeza kitufe mara tano haraka haraka. Kwa wa Jeddah naongeza moja: hewa ya bahari na jasho la mle huotesha kutu mahali betri inapogusana na kifaa, basi papanguswe kwa kitambaa kikavu mara kwa mara.

Gari nalo. Watengenezaji wengi wa betri hizi huweka mipaka miwili: zisichajiwe kwenye joto linalozidi nyuzi 45, na zisikae kwenye joto linalozidi nyuzi 60. Mwezi wa saba Riyadh nyuzi 45 ni za kivulini. Jeddah, ambayo watu husema bahari inaipoza, ilifika nyuzi 52 mwezi Juni 2010. Gari lililofungwa juani huongeza nyuzi 20 au zaidi ndani ya saa moja, na juu ya dashibodi ni kikaango. Wewe unaiacha humo garini kila siku ukimsubiri Madam atoke dukani. Si lazima iwake siku hiyo. Joto huila betri ndani taratibu, ikaja kukuangusha wiki kadhaa baadaye ikiwa mkononi, nawe ukashangaa kwa nini. Ukishuka, shuka nayo. Wala usiichaji kwenye lile tundu la gari wakati wa mchana, ingawa nakiri nimecheka: tundu lililobuniwa kuwashia sigara leo ndilo linalochaji kifaa cha kuachia sigara.

Lakini kilichonikosesha raha katika barua yako ni neno dogo ulilolipitia kama hulioni: tuko sita chumbani.

Nakijua chumba cha namna hiyo. Vitanda vya ghorofa, mablanketi mazito kwa sababu kiyoyozi hakizimwi, soketi moja na waya wa kurefusha unaogawa umeme kwa simu sita, mlango mmoja, dirisha lililozibwa na kiyoyozi chenyewe. Vepu iko juu ya godoro, imefunikwa na mto. Godoro linazuia joto lisitoke na ni chakula cha moto. Betri ya lithiamu ikiwaka, moshi unatangulia, na ndani yake kuna gesi za sumu, ikiwemo ile ya floraidi inayochoma mapafu. Watu waliochoka na kazi hawaamshwi na harufu. Watano kati yenu hawajawahi kuvuta hiyo vepu, na huenda hata hawajui kwamba iko kwenye umeme.

Kwa hiyo ichaji ukiwa macho. Kama ratiba yako haikuruhusu isipokuwa usiku, ichaji kati ya chakula na kulala, kisha ichomoe, hata kama haijajaa. Iweke sakafuni juu ya vigae, au ndani ya sinia la chuma, mbali na nguo na pazia. Isiwe karibu na mlango. Hili watu hulisahau: wanaiweka mlangoni kwa kuwa soketi iko pale, na siku ikiwaka imewafungia njia ya kutokea. Betri za kutoa zichajiwe kwenye chaja yake maalumu inayojua kujizima, na zile za ndani kwa waya wake, si kwa chaja ya simu ya kasi uliyoazima kitanda cha juu. Na waambie wenzako. Usione haya. Mkubaliane mahali pamoja pa kuchajia, simu, vepu, power bank na taa, kila mtu apaone.

Ikianza kuvimba, kutoa harufu kama ya dawa ya kucha, au kuzomea, usiishike kuitazama. Waamshe watu watoke, chomoa umeme kama unaufikia bila kuinamia moshi, toka, piga simu. Kwa Riyadh na Jeddah kote nambari ya dharura ni 911. Mtu akiungua, mvue nguo iliyolowa kemikali kama haijagandia ngozini, mwagie jeraha maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, wala si barafu, wala dawa ya meno, wala asali. Hospitali mwambie daktari kwa maneno haya haya: ni betri ya lithiamu. Akijua hivyo ataipima ngozi kama kuna kemikali iliyobaki, jambo ambalo kwa moto wa mafuta ya kupikia asingelifanya.

Ukinunua nyingine, na sijasema ununue, mgeni achukue kifaa kipya chenye betri ya ndani isiyotolewa, kutoka duka linalotoa risiti. Najua bei. Saudi Arabia ilianza kutoza ushuru wa asilimia 100 kwa vifaa hivi na maji yake mwaka 2019, na nahisi ndiyo maana wengi mnakimbilia Batha au soko la Haraj Bin Qasem, kama wenzenu wa Jeddah wanavyokimbilia masoko ya mitumba ya kwao. Ila cha mkono wa pili hakina historia. Hujui kama kiliangushwa, kama kililowa, kama betri iliwahi kuvishwa ganda jipya ili ipendeze. Tena kampuni kubwa zinazotengeneza 18650 zenyewe zimesema betri hizo hazikukusudiwa kuuzwa moja moja kwa mtumiaji, na mwaka 2021 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ikaonya hivyo hivyo. Kaa mbali pia na zile vepu za bomba tupu zisizo na saketi ya kuzilinda, ambazo vijana hujisukia koili wenyewe. Gawanya volti 4.2 kwa koili ya ohm 0.1 upate ampea 42, wakati 18650 nzuri nyingi hubeba 20 hadi 30. Ile iliyoandikwa ampea 60 ubavuni imeandikwa na mtu wa matangazo.

Utaniuliza mbona sikukatazi. Umeniuliza habari ya betri, nimekujibu betri. Mapafu yako nayo yana maoni yao, na nikotini ni ile ile. Siku ukitaka kuacha kabisa, Wizara ya Afya ya huko ina kliniki za kuwasaidia wanaoacha, na simu yake ni 937.

Limebaki la ndege. Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS iliondoka Dubai ikiwa na shehena ya betri za lithiamu, ikashika moto angani, ikaanguka, na marubani wake wote wawili wakafa. Usafiri wa anga haujasahau. Tangu 2015 shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, limepiga marufuku vepu kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Unaibeba kwenye begi la mkononi, imezimwa, na betri za akiba kila moja ndani ya kikasha chake. Huichaji humo ndani na huivuti hata chooni. Wala usikubali kumbebea mtu zawadi ya vepu ya kwenda Kampala, maana sheria ya Uganda ya 2015 inakataza kuziingiza.

Na pale Jeddah, mlangoni mwa ndege, kwa kuwa safari za likizo hujaa mizigo, huenda mhudumu akalichukua hata begi lako la mkononi alipeleke chini. Watu wengi huliachia tu. Wewe mwambie asubiri, fungua zipu, toa vepu na betri, halafu ndipo umpe.