Wageni wa Desemba: Ipitie Nyumba Kabla Hawajafika

Kuanzia katikati ya Desemba, mabasi kutoka Dar es Salaam hushusha watu Moshi mfululizo. Huko Marangu, Kibosho, Machame na Rombo, nyumba iliyokuwa na bibi, babu na mjukuu mmoja mwaka mzima hujaa watu kumi na tano kwa siku moja. Wenyeji wamekwisha kupaka rangi, wamefagia makaburi, mbuzi yuko zizini ananenepa. Tunawaomba jambo moja zaidi: siku moja kabla wageni hawajafika, piteni kila chumba na kila kona ya kihamba, shamba linalozunguka nyumba, kama mtoto wa miaka mitatu ambaye hajawahi kufika hapo.

Bibi anajua kuwa chupa ya soda iliyo chini ya meza ya jikoni ina mafuta ya taa. Mtoto wa mjini anajua kuwa chupa ya soda ina soda. Mafuta ya taa, dawa ya kupulizia kahawa, dawa ya kuogeshea ng'ombe na vidonge vya presha vya babu vifungiwe kabatini, juu, kwa kufuli. Mtoto akinywa mafuta ya taa, msimtapishe. Yakipanda huweza kuingia mapafuni, na hatari kubwa iko huko. Mkimbizeni hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Ndoo na mapipa ya maji yafunikwe. Mtoto anayejifunza kutembea akitumbukiza kichwa ndani ya ndoo hawezi kujinasua, hata kama maji ni kidogo. Shimo la choo cha zamani lifunikwe kwa kitu kizito, wala si kwa bati lililoegeshwa tu.

Jiko la mkaa lisilale na watu

Usiku wa mlimani ni wa baridi, na anayetoka Dar es Salaam huisikia zaidi. Mwenyeji mwenye huruma huona jiko lina makaa mekundu yasiyotoa moshi, akaliingiza chumbani wageni wapate joto, akafunga dirisha. Tafadhali, msifanye hivyo kamwe. Makaa hayo yanatoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi. Aliyelala hapati nafasi ya kushtuka. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulegea. Watu wawili wa chumba kimoja wakilalamika kichwa kwa pamoja, watoeni nje kwenye hewa safi mara moja, kisha hospitali. Jenereta nayo ikae nje, mbali na madirisha. Joto la wageni litoke kwenye mablanketi; kama hayatoshi, azimeni kwa jirani mapema.

Nyama

Sikukuu bila kuchinja haijawa sikukuu, tunalijua hilo. Mwiteni mkaguzi wa nyama, mkipanga naye siku kadhaa kabla, kwa sababu wiki hiyo anahitajika kila mahali. Ng'ombe au mbuzi aliyekufa mwenyewe asichunwe wala asipasuliwe, hata kama hasara inauma. Akiwa anatoka damu isiyoganda puani au mdomoni, huenda ni kimeta. Vimelea vyake hujifunika gamba gumu, hivyo kupika si kinga ya kutegemea, na anayechuna tu anaweza kuambukizwa kupitia mkwaruzo mdogo. Msimsogelee mnyama huyo, afisa mifugo aitwe.

Pilau na mtori wa sufuria kubwa visiachwe mezani zaidi ya saa mbili. Kilichobaki kigawanywe kwenye vyombo vidogo kipoe haraka, kiingie kwenye friji. Pasipo friji, pikeni kidogo kidogo, mara nyingi. Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote, yawekwe kwenye ndoo yenye mfuniko na koki, ili vikombe ishirini visizame humo. Sabuni na maji viwe karibu na choo, viwe vinaonekana.

Mgeni akipata homa, asiambiwe tu kuwa ni baridi ya mlima. Huenda malaria ameipata alikotoka. Apelekwe zahanati kupimwa siku hiyo hiyo. Ulizeni mapema zahanati gani itakuwa wazi Krismasi, na nani mwenye gari atakubali kuamshwa saa nane usiku. Namba yake iandikwe ukutani, kando ya 112 ya polisi na 114 ya zimamoto.

Jioni ya kwanza, kabla giza halijaingia, mshikeni mkono kila mtoto na kila mzee, mwende naye hadi chooni na kurudi. Mwonyesheni ngazi iliyovunjika, mahali mbwa anapofungwa, na tochi inapowekwa.