Saratani ya Kaposi: Kisababishi na Vihatarishi

Katika mada hii watahiniwa wengi hupoteza alama kwa kosa moja: huandika kwamba VVU ndivyo vinavyosababisha saratani ya Kaposi. Soma swali hili kwanza.

Swali. Mrina asali wa Ipole, wilayani Sikonge, ana miaka 46 na anaishi na VVU. Kila msimu hukaa kambini msituni kwa wiki kadhaa, na mara mbili dawa zake za ARV zilimwishia huko. Sasa ana mabaka ya zambarau iliyokoza miguuni, hayaumi wala hayawashi, na mguu mmoja umevimba. Majirani wanasema amekanyaga uchawi. (a) Taja kisababishi cha ugonjwa wake. (b) Eleza vihatarishi vitatu. (c) Afanye nini?

Kisababishi ni kile ambacho bila hicho ugonjwa hautokei. Kihatarishi huongeza uwezekano wa kuugua. Kisababishi hapa ni virusi vya herpesi aina ya 8, vilivyogunduliwa Marekani mwaka 1994 na Yuan Chang na Patrick Moore. VVU ni kihatarishi, tena kikubwa kuliko vyote.

Ushahidi upo kwenye historia. Moritz Kaposi aliueleza ugonjwa huu mjini Vienna mwaka 1872. Mwaka 1961 wataalamu walikutana Kampala kuujadili, kwa kuwa Afrika Mashariki na Kati ulishakuwa wa kawaida, hasa kwa wanaume watu wazima. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini kwetu walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Saratani ilitangulia.

Virusi hivi huenea zaidi kwa mate, na katika nchi zetu wengi huambukizwa utotoni. Hujificha katika chembe nyeupe za damu na katika seli zinazotanda ndani ya mishipa ya damu. Kinga ikiwa imara, vinabaki kimya, na wengi wenye virusi hivi hawaugui kamwe. Chembe za CD4 zikipungua (kawaida ni 500 hadi 1,500 katika milimita moja ya ujazo), ulinzi hulegea na seli za mishipa huzaliana ovyo. Ndiyo maana mabaka yana rangi ya damu iliyovilia. Wagonjwa waliopandikizwa figo, ambao hupewa dawa za kushusha kinga, nao huweza kuupata bila VVU. Wengi husahau kundi hili.

Tahadhari kwa watahiniwa wa kwetu Tabora: kwa kuzoea mashamba ya tumbaku, mnaandika uvutaji wa sigara kwa kila saratani. Kwa mapafu ni sahihi, hapa usiuandike. Kumgusa mgonjwa pia si kihatarishi.

Jibu. (a) Virusi vya herpesi aina ya 8. (b) Anaishi na VVU, hivyo kinga yake hushambuliwa. Amekatiza dawa, hivyo VVU vimepata nafasi ya kuzaliana na CD4 kushuka. Ni mwanamume, na wanaume huugua zaidi. Ukitaja kuishi katika eneo ambalo virusi vimeenea, ni sahihi pia.

(c) “Aende hospitali” peke yake ni jibu fupi mno. Arudi kliniki ya tiba na matunzo (CTC) na kuanza tena ARV bila kukatiza. Kwa baadhi ya wagonjwa wenye mabaka machache, hizo pekee huyapunguza. Akatwe kinyama kidogo kipimwe maabara, kwa sababu si kila baka ni saratani. Ikiwa imeenea kwenye mapafu au utumbo, atahitaji dawa za saratani katika hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Na kabla ya kuingia msituni, amweleze muuguzi ni wiki ngapi atakaa huko, apewe dawa za kumtosha hadi atakaporudi.