NYATITI NDANI YA GITA

Muhula wa pili mwalimu mlezi wa chama alitusikilizisha albamu ya jazi iitwayo Village Life, ya mwaka wa 1985. Ndani yake Herbie Hancock wa Marekani anapiga kinanda cha umeme, naye Foday Musa Suso wa Gambia anapiga kora, ala ya Afrika Magharibi yenye nyuzi 21. Kisha mwalimu akauliza: "Je, huku kwetu nani amewahi kuoanisha ala za kizungu na za kienyeji?" Nikainua mkono upesi: "Hakuna, mwalimu. Nyatiti ni mambo ya wazee." Darasa likacheka, nami nikajiona mjanja kweli. Makala haya ni ya kusahihisha jibu hilo.

Likizo ya Agosti nilipanda matatu kutoka Migori, nikapitia Rongo hadi kwa babu, nje kidogo ya mji wa Homa Bay. Zamani babu alikuwa akialikwa kupiga nyatiti matangani na arusini. Siku hizi vidole vyake vimekakamaa. Nyatiti yake nilikuta imetundikwa ukutani, nyuzi tano zimekatika. Nilipomweleza jibu nililotoa darasani hakukasirika. Alisema tu, "Mjukuu wangu, iteremshe hiyo."

Kwanza, tuijue ala yenyewe. Nyatiti ina nyuzi nane: nne za sauti nzito na nne za sauti nyembamba. Tumbo lake huwambwa ngozi ya ng'ombe. Nyuzi za kale zilikuwa za kano za ng'ombe. Siku hizi ni za nailoni, zile zile za kuvulia samaki. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, akavaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na njuga mguuni. Pete hugonga mbao ya ala, njuga hulia, vidole hudonoa nyuzi, na kinywa huimba. Mtu mmoja, bendi nzima!

Pili, gita lilipofika kwetu, vijana hawakuishia kucharaza nyuzi zote kwa pamoja. Walidonoa uzi mmoja mmoja, kama nyatiti. Gita la besi likashika kazi ya nyuzi nzito, gita la solo likawa linamjibu mwimbaji, na dramu ikashika kazi ya pete na njuga. Huo ndio muziki wa benga. Mmoja wa vigogo wake alikuwa D. O. Misiani, mzaliwa wa Shirati nchini Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Migori. Bendi yake ya Shirati Jazz ilivuma kwa miongo mingi, hata albamu yake Benga Blast! ikatolewa Uingereza mwaka wa 1989. Alifariki mwaka wa 2006.

Hapa mwenzangu ataniuliza, "Mbona Jazz na wao hawapigi jazi?" Enzi hizo jina hilo lilimaanisha bendi ya kisasa yenye magita. Ndiyo maana kulikuwa na OK Jazz kule Kongo na Morogoro Jazz kule Tanzania.

Tatu, nyatiti yenyewe haikufa. Ayub Ogada aliipeleka mbali kwa albamu En Mana Kuoyo ya mwaka wa 1993, na wimbo wake Kothbiro ukasikika katika filamu The Constant Gardener ya mwaka wa 2005.

Siku ya tatu tulinunua uzi wa kuvulia, tukafunga nyuzi zilizokosekana. Babu hakuweza kudonoa, basi akawa ananiimbia sauti ya kila uzi, nami naitafuta. Nilikosea mno. Kila nilipokosea aligonga sakafu kwa mguu na kusema, "Rudia." Mimi hupiga gita hapa shuleni, na jioni hiyo niligundua kwamba kidole changu gumba kilikuwa tayari kinaijua njia. Kumbe nilifundishwa na babu bila kujua, kwa kupitia redio!

Kwa hivyo, mwalimu, jibu langu sahihi ni hili: wamo wengi, na wengine tunaishi nao nyumba moja. Nanyi wenzangu, likizo ijayo mwulizeni mzee mmoja wa kwenu alipiga nini na alifundishwa na nani. Andikeni majibu yake. Vidole vya wazee havitungoji.