Gari Linapochemsha Mikese: Mafunzo Niliyopata

Hapa Mikese, kama unatoka Dar es Salaam na Morogoro mjini imebaki mwendo mfupi, malori ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi hupanga foleni ya mizani. Magari madogo nayo hujikuta yamebanwa nyuma yao, jua la saa saba likiwa utosini. Hapo ndipo injini zenye siri huumbuka. Mimi mwenyewe nina gari la mtumba la kubebea mizigo ya familia, na limenisomesha kwenye gereji za hapa na za Msamvu, Morogoro mjini. Nayaandika haya kwa sababu inaniuma kuona mtu akiteketeza akiba ya miaka kwa kosa la kifaa cha bei ya chini kabisa.

1. Mwambie fundi gari lilichemshia wapi.

Gari likiwa mwendoni, upepo wenyewe unapoza rejeta. Likisimama, tegemeo ni feni peke yake. Kwa hiyo gari linalotulia vizuri kutoka Chalinze halafu linachemsha kwenye foleni, mtu aanze na feni: mota, fyuzi, rilei. Linalochemsha likiwa kwenye kasi, hasa likipanda mlima na mzigo, hilo rejeta yake imeziba, au pampu ya maji imechoka, au gasketi ya silinda hedi imeanza kupitisha. Fundi anayekuuliza swali hilo kabla hajashika spana, mshikilie huyo.

2. Usikubali themostati itolewe.

Hili ndilo linaloua injini nyingi huku kwetu, na linafanywa kwa nia njema. Gari likichemsha, fundi anatoa themostati, anaitupa pembeni na kusema, "Bosi, hii ni ya nchi za baridi, kwetu haina kazi." Gari linaondoka, siku mbili tatu linatulia, mwenye gari anamshukuru.

Kazi ya themostati ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Nyingi huanza kufunguka maji yakifika nyuzi 80 na kitu. Ukiitoa, injini inatembea ikiwa baridi. Kontroli boksi inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa asubuhi, inaongeza petroli, na petroli isiyoungua inateremka kwenye oili na kuifanya nyepesi. Ringi na silinda zinalika kimyakimya huku wewe ukilalamikia ulaji wa mafuta.

Kuna baya zaidi. Injini nyingi zina njia ya pembeni inayorudisha maji ndani bila kupita kwenye rejeta, na kisahani cha chini cha themostati ndicho kinachoifunga njia hiyo injini ikipata moto. Themostati ikitolewa, njia inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani kwa ndani. Yaani gari limeondolewa kifaa ili lisichemshe, na kuondolewa huko ndiko kunakolichemsha. Nunua mpya, itumbukize kwanza kwenye sufuria ya maji jikoni uone inavyofunguka, kisha ifungwe.

3. Angalia mfuniko wa rejeta.

Juu yake pameandikwa namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Hicho ni kipimo cha presha. Maji yaliyofungiwa kwa presha ya 1.1 huchemka karibu nyuzi 120 badala ya 100. Springi ikilegea au mpira ukipasuka, kinga hiyo imekwenda. Na kama gari limechemsha, mfuniko usiguswe kabisa mpaka injini ipoe. Mvuke wake unababua uso wa mtu mara moja.

4. Mshale wa joto unaweza kukudanganya.

Maji yakiisha kabisa, sensa inabaki hewani na mshale unaweza hata kushuka. Magari mengi madogo ya Japani hayana mshale, yana taa tu, na taa nyekundu ikiwaka umeshachelewa. Kila asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua boneti utazame kiwango cha maji, kisha chomoa kifuniko cha oili. Ukikuta chini yake pana utando wa rangi ya chai ya maziwa, maji na oili vimekutana. Usiliwashe gari tena.

5. Jua udhaifu wa injini kabla hujalipa.

Injini za Toyota za D-4, zilizoanza mwaka 1996, hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Valvu haziogeshwi na petroli, hivyo masizi hujijenga, na pampu yake ya presha kubwa haivumilii mafuta machafu. Injini ya dizeli ya 1KZ-TE inasifika kwa nguvu, lakini hedi yake hupasuka ikichemsha. QR20 ya Nissan X-Trail za zamani ina tatizo la cheni kulegea na la kula oili.

Na mafuta yetu yana historia. Uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa ulifikia hatua EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba, yaani alama za kutambulisha mafuta halali, mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuchanganya kusiwe na faida. Kwa hiyo omba risiti kila unapojaza, uwe na ushahidi ukiuziwa machafu.

6. Baada ya kuchemsha, hedi ipimwe.

Kubadilisha gasketi juu ya hedi iliyopinda ni kutupa pesa. Ipelekwe kwa wachongaji, ipimwe unyoofu, ikaguliwe nyufa, ndipo ifungwe.

Wenzangu wenye magari, likianza kuchemsha kwenye foleni yetu hii, msijikaze mkisema Morogoro si mbali. Tokeni kwenye lami, zimeni injini, wekeni pembetatu nyuma, subirini ipoe. Vijana wa hapa watawaletea maji kwa dumu, na Morogoro mtafika tu.